Tairi za Mwalimu na Gauni la Saa Sita

Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na mstaafu asiye na kazi ni balaa ndani ya nyumba. Tangu fundi wa magari amwambie kwamba tairi zikibadilishwa nafasi, za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, hudumu zaidi, hatujapumua. Alianza na godoro, upande wa kichwani ukaenda miguuni. Vikafuata viti. Juzi nimekuta vijiko kwenye droo ya uma, nikanyamaza, maana ndoa ni uvumilivu.

Lakini Jumamosi! Nilikuwa na gauni la bibi harusi, shanga mia sita, nimezishona moja moja kwa mkono. Lilitakiwa kwao saa sita mchana, ndoa saa nane. Saa nne na nusu natoka nje, gauni mkononi, nakuta gari letu liko juu ya matofali, miguu mitupu, kama limevua viatu mlangoni.

"Mwalimu!"

"Dakika kumi tu, mke wangu. Zote nimeziandika namba, hatukosei. Na ule usukani kutetemeka, leo ndiyo mwisho."

Ameziandika kwa kitu gani? Kwa chaki yangu ya kushonea! Nikafungua mdomo nimpashe, macho yakaenda ukutani. Mama mkwe alikuwa ameinama na ndoo na brashi. Yule mama hawezi kuona uchafu akaupita. Tairi nne zimepangwa, zinang'aa, zinanukia sabuni, hazina namba hata moja.

"Mama, umefanya nini?" Mwalimu akashika kichwa.

"Nimekusaidia, mwanangu. Kuna mtu kazichafua kwa chaki."

Mwalimu akakaa chini. Eti hawezi kufunga tairi asiyojua ilikotoka, kanuni ni kanuni. Nilitaka kulia. Yule binti alikuja kwangu mara mbili akisema, "Mama, usiniangushe." Jina langu lote la ufundi lilikuwa ndani ya gauni lile.

"Shika hili," nikamwambia mama mkwe. "Nawa kwanza!"

Nikapiga magoti. Miaka ishirini nashona. Nikipapasa suruali najua mwenyewe hukalia upande gani. Nikapapasa tairi. "Hii imelika ukingo wa nje. Ilikuwa mbele kulia, ndivyo unavyokata kona. Hii imechubuliwa na nguzo ya geti. Nyuma kushoto."

"Ile nguzo ndiyo iliyonisogelea."

"Funga, Mwalimu!"

Akafunga. Mimi natangaza, yeye anakaza nati, mama mkwe anaomba dua. Saa tano na robo tukashusha jeki, tukaingia wote. Mama mkwe alikaa nyuma na gauni, na ndoo yake miguuni, asije mtu akaiiba.

Tulipofika barabara kuu, usukani ukaanza kutetemeka. Mashavu ya Mwalimu yakacheza.

"Una-na-nasikia?" akasema. "Li-li-limetulia kabisa!"

Hapo ndipo akili iliponijia. Nilimtajia kila tairi ilikotoka, naye akairudisha palepale. Jasho lote lile, tumevua viatu tukavaa vilevile! Nikamgeukia nimwambie, nikaona anavyotabasamu, nikameza maneno.

"Nasikia, mume wangu. Kama jipya."

Saa sita kasoro dakika tano nilikuwa chumbani kwa bibi harusi. Gauni likamkaa. Likamkaa hasa! Binti akalia, mama yake akalia, mimi nikajifanya natafuta pini. Nilikuwa kwenye kifungo cha mwisho niliposikia nje mlio ninaoujua: kwi, kwi, kwi.

Jeki.

Nikapapasa mkoba wangu. Chaki haimo. Nikachungulia dirishani. Gari la harusi, na maua yake yote, lilikuwa juu ya matofali. Baba wa bibi harusi amekunja mikono ya shati, anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Usiwe na wasiwasi, mzee mwenzangu," Mwalimu alikuwa akimwambia. "Zote nimeziandika namba."

Na nyuma yao, pale zilipopangwa tairi, mama mkwe alikuwa ameshainama na ndoo.