Bwana Gramu Aupima Mkono Wake

Wafanyabiashara wa sokoni walimwita Bwana Gramu, na hawakukusudia kumsifu. Kwa miaka ishirini na sita alikagua mizani zao, na mizani ikipunja hata gramu kumi aliifungia, akatia sahihi kwa mkono wa kulia. Kiharusi kilipompiga, kikauchagua mkono huohuo.

Ofisi yake ya vipimo ilimpa miezi minne. Muda ukiisha, angesimama mbele ya jopo, anyanyue jiwe la mizani la kilo mbili kutoka mezani na kuliweka kwenye sahani. Akishindwa, astaafu. Wengi huota kustaafu. Yeye aliogopa kustaafu kuliko kiharusi chenyewe, maana nyumbani hakukuwa na cha kukagua ila mkewe, na mkewe hakaguliki.

Hospitali ilimpangia vizuri. Kila Jumanne na Ijumaa, mtaalamu wa akupancha alimchoma sindano nyembamba begani na mkononi, akaziacha dakika ishirini na tano. Kisha mgonjwa alivuka ukumbi hadi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja aliyemnyoosha, akamkunja, akamfokea kwa upole.

"Sindano zinakutuliza bega," mama huyo alimweleza. "Bega likitulia, mimi napata pa kuanzia."

Baada ya wiki sita, vidole vilishika kikombe kitupu. Mtu wa kawaida angefurahi. Bwana Gramu aliuliza kikombe hicho ni asilimia ngapi sindano na asilimia ngapi mazoezi.

"Mzee wangu, hapa si sokoni," alisema mtu wa sindano.

"Vitu viwili kwenye sahani moja havipimiki. Nitavitenganisha."

Akavitenganisha, kisayansi kabisa. Wiki mbili alichomwa sindano bila mazoezi: bega likastarehe kama mgeni wa heshima, na mkono ukakaa pembeni yake bila kazi. Wiki mbili zilizofuata alifanya mazoezi bila sindano: bega likauma, akafika zoezi la tatu, akaomba kwenda nyumbani. Alijaza jedwali kwa mkono wa kushoto, kwa mwandiko wa mtoto wa chekechea, na matokeo yakawa wazi. Tiba zote mbili hazifanyi kazi.

Mkewe alilisoma jedwali hilo akiwa amesimama.

"Kwa hiyo, baba watoto, sabuni haifui na maji hayafui."

"Usilete utani. Hizi ni takwimu."

"Za mtu mmoja. Haya, shika kikombe."

Vidole vilikigusa, vikateleza. Kikombe kilikuwa cha plastiki, kwa hiyo kilichovunjika ni utafiti tu.

"Zimebaki wiki saba," mkewe alisema. "Kesho Jumanne. Utachomwa, utanyooshwa, na utanyamaza."

Alichomwa, akanyooshwa. Kunyamaza kulimshinda.

Siku ya jopo, jiwe lilipanda kwa kutetemeka, kiwiko kikiwa kimetoka nje kama bawa la kuku, likatua ukingoni mwa sahani. Lakini lilitua. Katibu akafungua fomu.

"Tiba iliyosaidia?"

"Akupancha na mazoezi."

"Nafasi ni ya tiba moja, mzee. Niandike mazoezi?"

"Nimekutajia mbili."

"Mazoezi yanatosha," katibu alisema, akiandika.

"Yanatosha kwa kipimo gani? Nani aliidhinisha fomu hii? Wewe umewahi kufanya mazoezi na bega linalowaka moto?"

Katibu hakuwahi. Bwana Gramu aliivuta fomu, akachukua kalamu kwa mkono wa kulia, akachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. Ulipinda vibaya, ukaingia hadi kwenye nafasi ya tarehe. Juu yake akaandika "akupancha", herufi moja baada ya nyingine, huku jopo zima likisubiri.

Mwenyekiti alitazama saa, kisha mkono, kisha mstari.

"Mrudisheni kazini," alisema, "kabla hajaanza kukagua viti vyetu."

Akarudi kwa majaribio, nusu siku, asibebe chochote kinachozidi kilo mbili.