Dada wa Anselmo

Mimi nimepata kufanyiwa usaili wa chuo kikuu kikubwa cha Uingereza, na shule yangu iliishia darasa la nne. Basi, aliyesailiwa alikuwa mume wangu, Anselmo. Mimi nilikuwa uani nafukuza kuku.

Aliyekuja kumsaili alikuwa Profesa Ethel, mwanamke mrefu mwenye kofia ya ukili, amepanda Newala kutoka Masasi kumwona kijana kwao. Chuo chake kilitaka mtu mmoja tu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasomee shahada ya juu, na awe hana mke. Anselmo alikuwa amekwishamwambia kuwa hana.

"Leo wewe ni dada yangu," aliniambia asubuhi ile. "Baba yangu ni baba yako. Ukiteleza, nimekwisha."

"Basi nikuamkie shikamoo, kaka?"

Hakucheka. Nami kicheko kilinikauka mdomoni. Akikosa, lawama ni yangu. Akipata, nabaki na mtoto wetu, ambaye siku ile tulimficha kwa mama yangu, hapa mpakani juu ya mto Ruvuma, na ndege za Wareno zikivuka zitakavyo.

Baba yake, Mzee Nikolao, naye alikuwa taabani. Tangu niolewe hatujakaa mkeka mmoja, sijala mbele yake, wala sijamtazama usoni. Kwetu ndiyo heshima ya mkwe. Siku ile alitakiwa aniite "mwanangu". Aliita mara moja, kisha akakohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Usaili ukiwa katikati, mngurumo wa ndege ulitoka bondeni. Kila uwanja siku zile za vita ya Msumbiji ulikuwa na handaki, na letu lilikuwa jembamba kama kaburi la mtu mwembamba. Anselmo alimshusha profesa, akamshusha baba yake, akaruka yeye.

"Ingia," aliniita, sauti imempasuka.

Nikachungulia. Nafasi iliyobaki ilikuwa magotini pa mkwe wangu. Miguu ikagoma.

"Nitalala kwenye mihogo."

"Unataka kufa?"

Sikutaka. Nilikuwa naogopa mpaka kanga imelowa, lakini miguu haikwenda. Mzee Nikolao akajifunika uso kwa kiganja, akaanza kupanda kutoka na mguu wake mbovu.

"Aingie yeye," alisema. "Mimi natoka."

Anselmo akanidaka mkono, akanivuta ndani. Mzee akalala kifudifudi kwenye mihogo. Ndege ikapita chini sana, udongo wa ukuta ukatumiminikia vichwani. Ikaelekea Tandahimba. Haikudondosha kitu.

Profesa akajipangusa macho. "Mzee, umeumia?" aliuliza, kwa Kiswahili safi.

"Sijambo, mama," sauti ikatoka mihogoni.

Akamgeukia Anselmo. "Nimekaa Dar es Salaam miaka mingi. Sijaona baba anayekimbilia kwenye bomu kwa kuwa binti yake ameingia shimoni."

"Ni desturi yetu huku juu, profesa. Dada na baba huwa..."

"Huwa nini?"

Profesa hakuwa akimtazama Anselmo usoni tena. Alikuwa anatazama chini, kati yetu, vidole vya mume wangu vilipokuwa vimefumana na vyangu.

"Kwa hiyo huyu ni dada yako."

"Ndiyo, profesa," akasema Anselmo, na mkono wangu hakuuachia.