Mwisho Mpya wa Paka Aliyehama

Sina mkono wa birika, wanaonijua watakwambia. Hadithi yangu ya paka aliyehama niliitoa bure kabisa, na ukurasa wa mwisho nikaandika mwenyewe, kwa kujidai: soma, nakili, chapa, tafsiri, badilisha, ilimradi utaje majina yetu na useme umebadilisha nini. Hayo majina ni mawili, langu na la Mchoraji, shoga yangu wa tangu ujana. Yeye ndiye aliyechora picha zote na kuipandisha hadithi kwenye maktaba ya mtandaoni, ile ambayo kila kitu kimewekwa chini ya leseni huria. Siku hiyo tulipongezana mpaka soda zikaisha gesi mezani.

Lakini dunia sikuiandikia mimi. Nilimwandikia mtoto wa kaka yangu. Mama yake aliondoka na sanduku moja, mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Kaka yangu ni dereva wa malori, nyumbani huja kama mgeni, hivyo mtoto akabaki kwangu. Kila jioni alikuwa anakaa kizingitini akiangalia barabara. Ukimwita aje ale, anasema atakula na mama. Nani angevumilia hayo? Nikamtungia paka aliyehama akaacha kitoto chake, na kuku aliyekifungulia mbawa. Mwishoni kitoto kinaacha kuangalia mlango, kinalala. Kuku ni mimi, sina haja ya kuzunguka. Tuliisoma mpaka kurasa zikalegea, na mtoto naye akaacha kukaa kizingitini. Siku hizi mara mojamoja ulimi humteleza akaniita mama, nami najitia sijasikia ili asione haya akaacha.

Basi juzi akarudi shule ameshika karatasi zilizobanwa pini. Mwalimu wao huchapa hadithi kutoka maktaba ileile na kuwagawia.

"Shangazi, paka amerudi," akasema, huku anavua viatu.

Nikadhani ananitania. Nikazipokea. Jalada ni letu, jina ni langu, kuku ni wangu. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Kitoto hakikulala. Paka alikuwa amesimama mlangoni, na chini yake pameandikwa: "Paka akarudi. Akauliza, naweza kuingia?" Hapo ndipo palipoishia. Jibu hakuna.

Nilifika kwa Mchoraji nimevaa kandambili mbili zisizofanana. Anafanyia kazi chumba cha nyuma, nyuma ya duka la vifaa vya shule, na meza yake haina hata nafasi ya kuweka kiwiko. Nikamtupia karatasi juu ya rangi zake.

"Kuna mtu ameiharibu hadithi yangu. Namtaka aiondoe leo hii, la sivyo namshtaki."

Akavuta taa, akasoma. Halafu akacheka, na hapo ndipo damu iliponichemka hasa.

"Mjanja huyu," akasema. "Hajachora hata mstari. Amemchukua paka wangu anayetoka, akamgeuza, sasa anaingia. Ona saini yangu, inasomeka kinyumenyume."

"Na wewe unamsifia?"

"Utamshtaki kwa kosa gani, mwenzangu? Tuliandika badilisha, naye amebadilisha. Ruhusa ya namna ile ukishaitoa huwezi kuidai tena. Majina yetu ameyataja. Alichobadilisha amekisema, kama tulivyoagiza, na hata jina lake ameliweka. Hukuliona?"

Sikuliona. Lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: Mwisho umebadilishwa na Mama Kijiko.

Kijiko ni mtoto wetu. Alipokuwa mchanga alikuwa halali mpaka ashike kijiko cha chai, ndipo mama yake akamtania kwa jina hilo. Mama mtu alipoondoka, kaka yangu akalipiga marufuku, na nje ya nyumba yetu halikuwahi kutoka.

"Ni wifi," nikasema.

Mchoraji aliacha kucheka. Akairudia hadithi tangu mwanzo, polepole safari hii, kidole kikifuata mistari.

"Basi ameisoma yote," akasema. "Na kuku ni nani anajua vizuri sana."

Mwanamke ambaye hata uhai wake hatukuwa na uhakika nao, mahali fulani amekaa akasoma nilivyomsema. Hakutukana, hakupiga simu. Alitafuta mlango nilioufungua kwa mkono wangu na kujisifia, akapita hapohapo. Na kama ameweza kurudi kwenye hadithi, atashindwaje kuja kumchukua mwanawe? Mimi shangazi tu, nani atanisikiliza? Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza kitanda chake kitupu na sare zake zikiwa hazipo kwenye kamba.

Nilipofika nikatazama kizingitini kwanza. Hakuwapo. Alikuwa mezani, ulimi nje, anaandika.

"Kazi ya shule?" nikamuuliza.

"Hapana. Naandika mwisho. Paka ameuliza halafu hakuna aliyemjibu." Hakuinua macho. "Mwalimu amesema kila mtu ameruhusiwa kubadilisha. Kesho ataupandisha kulekule."

Kulekule ndiko wifi anakosoma. Nilitaka kumnyang'anya ile karatasi niitie moto, lakini yeye mwenyewe akanisogezea niione, na usoni ameridhika kabisa. Mwandiko wake mkubwa ulijaza nusu ukurasa:

"Kitoto kikasema, ingia. Paka akaingia. Kuku akahama. Mwisho umebadilishwa na Kijiko."

Jina lile hatukulitamka miaka yote hiyo. Nilidhani amelisahau, kumbe analo, amelitunza kimya ndani ya nyumba yangu huku nikimpakulia chakula na kumsuka nywele. Nilipigwa na butwaa kiasi kwamba ule mstari mfupi wa kuku nilihitaji kuusoma tena ndipo unifike. Ulipofika, uliniuma kuliko yote.

"Sasa huyu kuku," nikamuuliza, "amehamia wapi?"

Akaiangalia karatasi yake, akatafuna penseli kidogo.

"Sijui, Shangazi," akasema. "Hadithi ni ya paka."