Motere Ilitoka Salama

Motere ilitoka salama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mtu anayepita kwenye kibanda changu pale Birere, mjini Goma: "Papa Deborah, motere ya Éphraïm ilitoka?" Ilitoka. Haina hata mkwaruzo. Ukivuta kamba yake mara mbili inanguruma kama zamani. Aliyekufa kwa ajili yake ni Hitimana, na habari zake hakuna anayeniuliza, maana kila mtu anadhani anazijua.

Mimi ni Léopold, fundi wa motere, yaani injini za boti, baba yake Deborah. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mbili. Watu husema nina ulimi mkali na sikatai. Fundi mpole katika ziwa hili huzika motere za watu, na wakati mwingine huwazika na wenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, na watu walicheka, nami nikazidi kusema.

Éphraïm alinijia na uso wa mtu aliyefiwa kabla ya msiba. Boti lake la mbao lilikuwa likileta kabichi na maharagwe kutoka Minova, na ule ubao wa nyuma unaobeba motere ulikuwa umeoza, ukapasuka katikati ya safari. Alikuwa amejikokota hadi chini ya kilima cha Lac Vert, akalifunga boti kwenye kijighuba cha mawe ya volkano, akaogopa kusogea hata hatua moja zaidi. Motere ilikuwa imeinama kama mlevi, imeshikwa na skrubu zake mbili na mkanda wa mpira wa gari.

"Papa Deborah, ikianguka, njo mwisho yangu," aliniambia. "Mama yangu, bibi, batoto bane, sisi wote tunakulaka mu ile motere."

Hakuwa anatia chumvi. Ziwa Kivu halikupi nafasi ya kujuta. Unatoka kwenye jiwe hatua tatu, na chini ni kiza tupu. Motere ya farasi arobaini, kilo themanini na kitu, ikizama pale hakuna wa kuipata tena.

Bandarini kuna watu wenye palan, ule mnyororo wa kunyanyulia vitu vizito, lakini kuwaleta hadi kule kulikuwa juu ya uwezo wa Éphraïm. Kununua motere nyingine, hata kuota hakuota. Basi tukaenda sisi wawili, mchana, kuangalia tutafanya nini kwa vile tulivyo navyo: kamba ndefu ya nailoni, spana zangu, na chukudu ya jirani yake, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ibebayo magunia kumi bila kulalamika.

Mahali penyewe palikuwa pazuri kwa kazi, nakiri. Boti lilikuwa limerudishwa kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa jiwe. Nyuma tu ya ukingo huo kulikuwa na shimo, bonde dogo lenye kina cha kufika kifuani, sakafu yake tambarare, na upande wa pili njia ya kupandia hadi barabara ya Sake. Nikaona picha yote kichwani. Tunainyanyua motere, tunaivusha ukingo, tunaishusha shimoni juu ya chukudu, tunaisukuma hadi barabarani. Nilishuka mle shimoni saa sita mchana, nikapima kwa hatua, nikakaa juu ya jiwe nikala hindi la kuchemsha. Upepo wa ziwa ulikuwa ukinipuliza shingoni. Nilipata hata kausingizi.

Kilichobaki ni kuinyanyua kwa nini. Tulikuwa tunabishana juu ya hilo, sauti zikipanda, tukamsikia mtu anacheka kutoka juu ya mawe. Ni Hitimana. Mwanamume mrefu, koti la mvua, fimbo ya mchungaji, na mkononi mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa matundu karibu na mdomo, una makaa ndani. Alitoka Masisi wakati wa vita na mkewe Nyirarukundo, wakajenga kibanda cha turubai pale juu. Kati ya ng'ombe wao kumi na wanne alikuwa amebaki mmoja.

"Kwetu ng'ombe ikianguka mu shimo, hatuulizake palan," alisema. "Tunasimamisha miti tatu, tunafunga bichwa pamoya, kamba inapita juu. Batu babili banavuta, mumoya anashika miguu ya ng'ombe ili isijiumize. Iyi motere yenu iko mwepesi kuliko ng'ombe yangu ya mwisho."

Nilimpenda papo hapo, na iliniudhi, kwa sababu wazo lake lilikuwa bora kuliko langu. Tukakubaliana. Yeye atakata mikaratusi mitatu, na boti likipona litamvusha hadi Minova kumtafuta ndugu yake. Saa ya kazi niliichagua mimi. Alfajiri, nikasema, ziwa likiwa limelala, kwa sababu mawimbi yakilitikisa boti motere itabembea kwenye kamba na kumpasua mtu kichwa. Hitimana alianza kusema kitu juu ya asubuhi. Nilikuwa nimeshageuka.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa tuli kabisa, bila upepo, hata moshi wa majiko ya wakimbizi kule juu ulikuwa umesimama wima. Nikafurahi. Nikaona nimechagua vizuri.

Miti mitatu ilikuwa imesimama tayari, miguu yake imechimbiwa kwenye nyufa za mawe, vichwa vimefungwa kwa mafundo ambayo hata mimi sikuyaelewa. Nikatoa amri zangu. Kwanza kamba ya pili, fupi, ifunge motere kwenye boti kabla hujagusa skrubu yoyote, maana skrubu ikilegea ghafla motere haisubiri. Kisha mpira wa petroli uvuliwe. Kichwa cha motere kibaki juu muda wote, maji yasije yakaingia kwenye silinda. Na amri ya mwisho, niliyoirudia mara mbili: walio kwenye kamba wasiilegeze mpaka aliye chini aseme "iko." Mtu akilegeza kwa kukisia, anamvunja mwenzake mgongo.

Nilipovua ule mpira, petroli ilimwagika. Tangi nalo lilikuwa linavuja. Sakafu ya boti ilikuwa imelowa na harufu ilichoma macho. Wakati huo huo Hitimana alikuwa anauelekea ukingo wa shimo na mkebe wake, anaupuliza makaa yawake vizuri, na kijiti kikavu tayari mkononi.

"Weye! Zimisha ile moto!" nilipiga kelele. "Hauone essence? Unataka kutuchoma?"

"Papa Léo, mi sishukake mu shimo bila moto. Asubuhi kunakuwaka mazuku."

Mazuku, kwa asiyejua, ni ile hewa nzito inayotoka ardhini huku kwetu kwenye volkano. Haina harufu, haina rangi. Hujikusanya mashimoni kama maji, na ukiinamisha kichwa ndani yake umekwisha. Wenyeji wa upande ule hushuka na moto wameushikilia chini kwenye goti. Moto ukizimika, wanarudi. Nilijua hayo. Kila mtoto wa Goma anayajua. Lakini mimi nakaa mtaa wa Majengo, na mazuku kwetu ni habari ya mbuzi wa watu wengine.

"Jana midi nilishuka mule, nilikula mupaka mahindi," nikamwambia. "Nilikufa?"

"Midi kuko upepo. Sasa hakuna."

"Unaogopa upepo ao unaogopa kazi?"

Éphraïm alicheka. Nikaruka kutoka botini, nikaunyakua ule mkebe mkononi mwake, nikauchovya ziwani. Makaa yalilia kidogo, yakanyamaza. Nikamrudishia mkebe wake unadondoka maji. "Utawasha tukimaliza," nikasema.

Nilikuwa sahihi kuhusu petroli. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Fundi yeyote angesema vile vile. Ila fundi mwenye akili angesema pia: basi tungoje upepo. Hilo sikulisema.

Hitimana aliutazama mkebe, akanitazama mimi. Alikuwa mgeni pale, mtu wa turubai, na mimi nilikuwa muzee wa kazi. Akaufunika kifuniko chake, akauweka juu ya jiwe pamoja na koti lake, akashuka penye chukudu tuliyoiacha mle jana yake. Alisimama wima shimoni, mabega na kichwa juu ya ukingo, akavuta pumzi, akatabasamu. Nami nikamwambia, "Unaona?"

Tukavuta. Skrubu zililegea, ubao uliooza ukalia, na motere ikapanda polepole kati ya ile miti mitatu kama jambo lililoandikwa. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Ikavuka ukingo, haikugusa jiwe, tukaanza kuishusha, Hitimana akiipokea kwa mikono miwili na kuielekeza. "Polepole," alisema. "Polepole. Leteni." Lilikuwa neno lake la mwisho.

Chukudu ni kitu cha chini. Kitanda chake kinakufika kwenye shavu la mguu. Ili motere ikae vizuri juu yake na ifungwe, lazima mtu ainame, apige magoti, kichwa chake kiende kule kule chini. Na mimi niliyepima kila kitu kwa hatua, hilo sikulipima.

Tuliona mgongo wake unazama nyuma ya ukingo. Kamba ikawa nyepesi kidogo, nikajua motere imeshakanyaga mbao. Tukangoja aseme "iko." Hakusema. Tukaishikilia kamba, kwa sababu ndiyo ilikuwa amri yangu, na Éphraïm ni mtu mtiifu.

"Hitimana!" niliita. "Unafunga ao unalala?"

Tukacheka, sisi wawili, kamba mikononi.

Sijui tulingoja muda gani. Tuseme dakika mbili, tuseme tatu. Kisha nikaona chini ya ukingo, kwenye mwanya wa jiwe, mijusi wawili waliokufa, wamelala chali, na shomoro mmoja. Walikuwepo tangu tulipofika. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, nami macho yangu yote yalikuwa kwenye motere.

Éphraïm alitaka kuruka shimoni. Nilimkamata mkanda wa suruali, nikamwangusha juu ya mawe. Tukaifunga kamba kwenye jiwe. Nikakimbilia upande wa njia ya kupandia, mbali na petroli, nikawasha kijiti cha kiberiti, nikainama ukingoni na kukiteremsha. Kilizimika kabla hakijafika usawa wa goti. Nikawasha kingine, kana kwamba cha kwanza kilinidanganya. Kikazimika pale pale.

Nilivuta pumzi, nikaibana, nikashuka. Alikuwa amepiga magoti, ameikumbatia motere, shavu juu ya chuma. Fundo la kwanza alikuwa ameshalifunga. Niliifungua kamba kwenye motere, nikamzungushia kifuani, nikatoka mle kichwa kikigonga kama nyundo. Tukamvuta kwa ile miti yake mitatu, watu wawili kamba, juu ya ukingo. Alitoka kama alivyosema ng'ombe hutoka. Nilimpulizia mdomoni hadi nikatapika. Éphraïm alikuwa analia anasema, "Papa Deborah, acha. Acha sasa."

Upepo ulianza saa tatu. Wakati huo ungeweza kulala mle shimoni na kula mahindi.

Jioni tulikaa kwenye kilio, mbele ya kibanda cha turubai. Watu wa Masisi walikuja, wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Kila aliyefika aliuliza ilikuwaje, na Éphraïm, ambaye hajazoea kusema uongo, aliwaambia moto wa Hitimana ulizimika wenyewe naye hakuona. Hatukuwa tumepatana. Alilisema tu, kunihurumia, nami nikaliacha lipite. Nilikuwa naona aibu, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Nalisema sasa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nyirarukundo hakulia mbele yetu. Ni mwanamke mdogo wa umbo, kitenge kimefungwa hadi kwapani. Tulikuwa tumemletea koti la mumewe na mkebe. Koti alilivaa. Mkebe aliuweka mapajani muda mrefu, kisha akaja akakaa chini mbele yangu.

"Papa, banasema moto yake ilizimika yenyewe."

"Njo vile, mama," nikasema.

Akafungua kifuniko. Akauinamisha mkebe polepole, na maji meusi ya majivu yakamwagika kati ya miguu yangu na yake, yakafuatwa na makaa yaliyolowa.

"Mazuku inazimishaka moto," alisema. "Ila haimwangake maji."

Éphraïm alitazama viatu vyake. Wimbo uliendelea nyuma yetu.

"Ni miye, mama. Nilichovya mu ziwa. Essence ilikuwa inamwangika, niliogopa motere iungue."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa jambo la kawaida, akaokota kaa moja lililolowa, akaligeuzageuza vidoleni.

"Na motere haikuungua?"

"Haikuungua, mama."

"Ni vizuri," alisema. Akayarudisha makaa mkebeni moja moja, na mimi nikamsaidia, hadi yakaisha.