Tone la Kaka

Kaka alipofariki, maabara ninakofanya kazi ilibaki na seli za damu yake, zikikua kwenye chupa. Profesa alitaka kujua jeni ya kipokezi kilichomponza, ile protini inayopokea ujumbe kwenye seli, imekaa kwenye kromosomu ipi. Kazi yangu ni kuzidondosha seli kutoka juu, zipasukie kwenye kioo, kromosomu zitawanyike tuzione.

Leo, kwenye hadubini, nukta za kijani, rangi tuliyoinatisha kwenye jeni hiyo, ziling'aa kwenye kromosomu zote mbili za jozi ya tatu. Profesa akacheka. "Za mwizi ni arobaini." Nikamkata jicho, akaufyata.

Nikampigia Mama, simu nimeibana begani huku nikiandaa kioo kingine.

"Mama, tumeiona jeni yenyewe."

"Mmeionea wapi, na mwenyewe tumeshamzika?"

"Kwenye seli zake. Huku bado zinakua."

Mama akauliza polepole, "Mwanangu anakua huko, na hukuniambia?"

"Ni seli tu, Mama."

"Haya. Na wewe unazifanyaje?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kioo, tone likining'inia, nami sikuthubutu kuliachia.