Namba Arobaini na Moja

Hospitali yetu haina mwenyewe. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini ndivyo ilivyo: hakuna tajiri anayegawana faida, na kinachobaki mwisho wa mwaka kinarudi kwenye vitanda na dawa. Wenye kauli ni bodi ya watu kumi na wawili kutoka mkoa mzima, wanaojitolea bila posho. Uamuzi wao haupiti wasipotimia saba.

Siku hiyo ghorofani walikuwa sita, na kibali cha wodi ya wazazi kilikuwa kinakwisha. Ombi la kukiongezea muda lilitakiwa lipitishwe na bodi na kufika ofisi ya afya kabla ya saa kumi. Vikao viwili vilikwishavunjika kwa kukosa akidi. Mimi ndiye mkunga mkuu. Wodi ikifungwa, wajawazito wangu wangesafirishwa mwendo wa saa tatu kwa gari, na wengine wasingefika. Roho ilikuwa juu juu.

Wa saba nilimkuta chini, kwenye benchi la kliniki ya macho: mwalimu mstaafu, mjumbe wa bodi, tena baba mkwe wangu.

"Shikamoo baba. Wanakusubiri juu."

"Marahaba, mkwe. Nitakuja nikishaonwa. Nina namba arobaini na moja."

"Ndiyo kwanza wanaita ishirini na tisa! Ngoja nimwombe daktari..."

"Thubutu! Kanuni nimeiandika mwenyewe: mjumbe wa bodi anapanga foleni kama wenzake. Nikiondoka, namba imekwenda."

Isingekuwa adabu ya ukwe, ningemvuta koti. Mzee yule kwa ubishi hana mpinzani. Nikapanda ngazi nikihema, nikamweleza mwenyekiti, fundi seremala asiyependa maneno mengi. Akakuna kichwa, akafunga faili.

"Kanuni inasema watu saba. Haisemi wakae wapi."

Wakashuka wote sita. Wagonjwa wakasogea, bodi ikabanana kwenye benchi. Baba mkwe akagoma kutia saini asichokisoma, na macho ndiyo hayo yaliyomleta, basi nikamsomea kurasa zote nne, korido nzima ikisikiliza. Nilipofika kwenye idadi ya watoto waliozaliwa kwetu mwaka ule, nikairudia mara mbili. Bibi mmoja mwenye bandeji jichoni akaitikia, "Amina."

Mikono saba ikainuka. Nikamwonyesha mzee mstari, akasaini. Dereva wa hospitali akanyakua bahasha akatoka mbio. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba arobaini na moja ilikwishaitwa mara tatu wakati nasoma. Muuguzi alikuwa anaita arobaini na mbili.

"Narudi mwisho wa foleni," mzee akasema. "Kanuni ni kanuni."

Mwenye arobaini na mbili, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, akamtia kikaratasi chake mkononi. "Ingia, babu. Kanuni haimkatazi mtu kutoa nafasi yake."

Mzee akafikiri, akatafuta kasoro, akakosa. Akaingia.

Nikakaa pale alipotoka. Dakika tano kabla ya saa kumi simu ikalia. Alikuwa dereva: "Wamepokea, wamegonga muhuri."

Nikalia pale pale bila haya, kwa furaha na kwa uchovu. Yule mwanamke akanipapasa mgongo huku akicheka.

"Pole, dada mkunga. Vuta pumzi. Sasa mwezi ujao nikija kuzaa, nani atambembeleza mwenzake?"