Mtoto Kwenye Shimo la Ndizi

Katika ndoto ya kwanza nilimvundika mwanangu. Nilimlaza shimoni pamoja na ndizi za pombe, nikafunika kwa majani ya migomba, nikaenda zangu. Siku ya nne nikafukua, nikambinyabinya tumbo kuona kama ameiva.

Mimba ilikuwa ya miezi minane, ya kwanza, na mimi ni mtu niliyewahi kusahau funguo ndani ya friji. Ndoto ya pili, mtoto alikuwa na ukubwa wa senene, wale panzi wa kukaanga, nikampoteza kwenye ndoo wakati tunanyonyoa mabawa. Niliamka nalia kwelikweli.

Mtaa wetu wa Nshambya, hapa Bukoba, haukosi wafasiri wa ndoto. Georgina, jirani yangu, alisema kuota mtoto mchanga ni maneno ya watu. Nilimwamini, maana maneno mengi ya mtaa huu yanatoka kwake. Mume wangu Avit alitazama kwenye simu, akasema mtoto wa ndotoni ni mradi mpya, na mradi wenyewe ni nguruwe. Anawataka hao nguruwe tangu harusi.

"Simu imesema nguruwe?" nikamuuliza.

"Imesema mradi. Nguruwe nimemalizia mwenyewe."

Sikucheka. Niliogopa. Kwangu tafsiri ilikuwa moja tu: sifai kuwa mama. Nikaamua mtoto akizaliwa nimpeleke kijijini Rubya kwa mama mkwe, Ma Kokugonza, alelewe na mtu mwenye akili zake. Yule mama amelea watoto saba, na hata kuku wake wanatembea kwa mstari.

Jumamosi tukaenda, mimi na Avit. Mama mkwe alitupokea kwa kahawa ya kutafuna, kisha akamtuma Avit shambani akatukatie mkungu wa kuondoka nao. Alipotoka tu nikapiga goti, kwa shida, tumbo likitangulia, nikaeleza yote: shimo, senene, na ombi langu.

Akatupia punje nyingine ya kahawa mdomoni.

"Dativa, huyo mumeo nilimwacha chini ya mbuni wa kahawa."

"Ndotoni, Mama?"

"Ndotoni wapi! Msimu wa kahawa. Alikuwa na miezi mitatu. Nilimlaza kwenye majani ya migomba, nikachuma. Nilipomaliza nikafunga mzigo mgongoni kwa kanga, nikashika njia. Naupigapiga, naubembeleza, naimba. Nafika nyumbani, baba mkwe wako ananiuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia, 'Shii, amelala.' Akafunua, akakuta kahawa."

"Waitu! Na mtoto je?"

"Nilikimbia mpaka kanga ikabaki njiani. Nikamkuta anachekea jani." Akafuta macho, na hakuwa anacheka. "Tangu hapo namwota. Juzi tu nimemsahau tena, kwenye benchi la kanisani. Nikarudi kumchukua, ana ndevu."

"Sasa tafsiri yake nini, Mama?"

"Tafsiri yake una mtoto. Basi. Utamlea mwenyewe, mimi nitakuja kukuogesha ukijifungua."

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Uzito wote wa mwezi ule ukanitoka. Mara honi ikalia barabarani: Aristides, jirani wa mama mkwe, alikuwa anakwenda Bukoba na gari lake. Mama mkwe akanishika mkono, akanisindikiza, akanipandisha, tukapungiana kwa furaha. Njia nzima nilipapasa tumbo na kumwimbia mwanangu.

Tulipokaribia Muleba mjini simu ikaita. Avit.

"Dativa, uko wapi? Nimerudi na mkungu, sikuoni."

Nikatazama pembeni yangu. Palikuwa na mkoba tu. Nyuma ya sauti yake nikamsikia mama mkwe akicheka mpaka anakohoa.

"Dativa, usihangaike kurudi!" akapiga kelele. "Huyo mumeo ameshazoea kuachwa!"